Stadi na Jamii: Vijana Wenye Usonji Baada ya Shule

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni na kudumu maisha yote, lakini huduma nyingi zinazohusu usonji hukoma mtoto anapomaliza shule. Kijana hupoteza kwa mkupuo ratiba ya siku, walimu waliomzoea na wenzake wa darasani, akabaki nyumbani na mama yake. Upweke unaofuata husemwa kuwa ni usonji wenyewe: eti huyu hapendi watu. Dhana hiyo inawaumiza wengi bila sababu. Vijana wengi wenye usonji wakiulizwa husema wazi kwamba wanataka marafiki, wanataka kazi, wanataka mchumba.

Msaada mmoja uliofanyiwa utafiti mwingi ni mafunzo ya stadi za kijamii. Programu ya PEERS, iliyobuniwa na Elizabeth Laugeson na Fred Frankel katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ina toleo la vijana watu wazima la wiki 16, kila kipindi dakika 90. Kijana hufuatana na mzazi au mtu mwingine wa karibu, ambaye naye hufundishwa namna ya kumsaidia wakiwa mitaani. Mambo ambayo wengine huyajua bila kufundishwa hugawanywa hatua kwa hatua. Anayetaka kujiunga na mazungumzo husimama jirani kana kwamba anatazama simu, husikiliza mada, hujipima kama anaifahamu, husubiri wanyamaze kidogo, husogea, kisha hutia neno linalohusu mada ileile. Wakimpa mgongo, huondoka taratibu. Jaribio la mwaka 2012 kwa vijana wa miaka 18 hadi 23 lilionyesha upweke ukipungua na matembezi na wenzao yakiongezeka, ingawa washiriki walikuwa wachache.

Mafunzo hayo yana thamani, lakini yanamwachia kijana peke yake mzigo wa watu wawili. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alitoa hoja kwamba kutoelewana kati ya mwenye usonji na asiye nao kuna pande mbili: asiye na usonji naye hushindwa kumsoma mwenye usonji. Catherine Crompton na wenzake walilipima jambo hilo Edinburgh, wakachapisha matokeo mwaka 2020. Watu 72 walipangwa katika minyororo 9 ya watu wanane wanane. Wa kwanza alisimuliwa hadithi, akamsimulia wa pili, hadi wa mwisho. Wenye usonji peke yao waliifikisha hadithi vizuri sawa na wasio na usonji peke yao. Ilipotea zaidi katika minyororo iliyochanganya makundi hayo mawili. Ndiyo maana kikundi cha vijana wenye usonji wanaokutana kwa ajili ya kompyuta, muziki au treni kisidharauliwe kuwa ni kujitenga. Urafiki wa kwanza huweza kuanzia humo.

Upande wa jamii unaonekana vizuri katika maisha ya Donald Triplett, aliyezaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi, Marekani. Ndiye mtoto wa kwanza kuelezwa katika makala ya daktari Leo Kanner ya mwaka 1943 iliyoutambulisha usonji kwa madaktari. Akiwa na miaka mitatu alipelekwa katika taasisi ya watoto. Baada ya takriban mwaka mmoja wazazi wakamrudisha nyumbani. Baadaye aliishi na mkulima na mkewe, watu wasio na elimu ya saikolojia. Kwa kuwa alipenda kupima, walimpa kazi ya kisima, apime kina chake. Kwa kuwa alipenda kuhesabu mistari ya mahindi, walimwachia ahesabu huku akilima. Kanner alipowatembelea mwaka 1945 alimwona akilima mistari sita mirefu, akimgeuza farasi na plau bila taabu.

Donald alimaliza chuo mwaka 1958, akafanya kazi miongo mingi katika benki ya mjini kwao, akacheza gofu na kusafiri peke yake nchi nyingi. Alikuwa na mazoea ya kuwapa namba watu aliowafahamu, nao walizipokea. Wanahabari John Donvan na Caren Zucker walipomtafuta, wakazi watatu, kila mmoja kwa wakati wake, waliwaonya kwamba wakimdhuru watawajibika kwao. Alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Ni kweli kwamba familia yake ilikuwa na mali na hisa katika benki hiyohiyo, na wazungu wenye uwezo katika Mississippi ya wakati ule walivumiliwa mengi. Hata hivyo Kanner, alipowafuatilia tena mwaka 1971 watoto 11 wa makala yake ya kwanza, aliona kwamba waliofungiwa katika hospitali za serikali walidhoofika, hata waliokuwa na vipaji.

Tanzania na Kenya zimeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 19 kinatambua haki ya mtu mwenye ulemavu kuishi ndani ya jamii. Haki hiyo hutekelezwa kwaya inapompa kijana sauti yake ya kuimba, karakana inapompa sehemu yake ya kazi, au timu ya mtaa inapomkabidhi daftari la mahudhurio. Kiongozi wa kikundi anahitaji kujua machache: atoe maelekezo ya wazi pasipo mafumbo, atangaze mapema mabadiliko ya ratiba, aruhusu kijana atoke nje kelele zinapozidi, na asimlazimishe kumtazama mtu machoni. Asiyetumia maneno huweza kuwasiliana kwa kadi za picha, maandishi au kishikwambi, nao wanaoketi naye wajifunze kumsubiri amalize kujibu.