Yai la Bata Likichelewa, Usilivunje

(Mazungumzo na wafugaji wa Ujiji)



Leo tuzungumze juu ya mayai ya bata katika mashine ya kutotolesha. Malalamiko ni yale yale: "Siku zimepita, mayai hayajaanguliwa." Kisha mtu anavunja yai ili atazame. Anakuta nini? Kifaranga mzima, anapumua. Baada ya muda mfupi amekufa. Hiyo ni hasara, tena hasara ya bure.

Je, yai la bata hukaa siku ngapi? Yai la kuku hukaa siku 21. Bata mweupe mwenye mdomo wa njano, siku 28. Lakini bata wetu wa kijijini, yule mwenye uso mwekundu wenye vinundu, ni siku 35. Ukimhesabia siku 28, umekosea wiki nzima! Basi chukua penseli. Andika juu ya kila yai tarehe ya kuliweka na aina ya bata. Hapo kujua kuandika kunaleta faida.

Kama siku zimetimia kweli, kwa nini mayai yanachelewa? Mara nyingi joto limepungua. Mashine yenye feni inataka nyuzi 37.5. Umeme ukikatika, usifungue mlango. Funika mashine kwa blanketi, lakini usizibe matundu ya hewa. Mayai yaliyowekwa ndani zaidi ya siku 7 kabla ya kuatamiwa nayo huchelewa, na mengine huharibika.

Sababu nyingine ni ukavu. Msifikiri kwamba kwa kuwa Ziwa Tanganyika li karibu, basi ndani ya mashine kuna unyevu. Joto hukausha. Mtazameni bata anayeatamia: hutoka, huoga, hurudi kwenye kiota na manyoya mabichi. Mashine haiogi. Ni lazima uiwekee maji katika sahani, na siku 3 za mwisho uyaongeze. Siku hizo hizo acha kugeuza mayai.

Sasa kifaranga ametoboa tundu, halafu kimya. Amekufa? Hapana, anapumzika. Anazoea kupumua, na damu ya kwenye utando pamoja na kiini cha yai vinaingia mwilini mwake. Kazi hiyo huweza kuchukua siku moja hata mbili. Ukimtoa mapema, atatoka damu na kufa. Na kila unapofungua mlango kuchungulia, unyevu unatoka, utando unakauka na kumbana.

Basi fanya hivi:

1. Yai lisilotobolewa, limulike kwa tochi gizani. Ukiona kitu kinatikisika, lirudishe, usubiri.

2. Lililotobolewa, subiri siku mbili kamili.

3. Zikipita, na utando umekauka, ulowanishe kwa maji ya vuguvugu. Bandua ganda kidogo kidogo upande mnene.

4. Ukiona damu, acha hapo hapo. Lirudishe katika mashine.

Kifaranga mmoja wa leo ni bata wa kutaga kesho, ni sabuni, ni daftari la mtoto. Tuhesabu siku vizuri, tutie maji, kisha tungoje. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.