Siku 18 za Louis Washkansky

Leo tunakwenda Cape Town, Afrika Kusini. Ni Jumamosi alasiri, tarehe 2 Desemba 1967. Familia ya Darvall imesimamisha gari kando ya barabara kuu ya mtaa wa Observatory. Mama na binti yake wameshuka kununua keki. Wanapovuka kurudi garini, gari jingine linawagonga wote wawili. Mama anafariki papo hapo. Binti, Denise, mwenye miaka 25, anakimbizwa Hospitali ya Groote Schuur. Fuvu limepasuka na ubongo umeharibika, hakuna daktari wa kuurudisha. Lakini moyo wake bado unadunda.

Katika hospitali hiyohiyo amelazwa Louis Washkansky, mwenye duka la vyakula, mhamiaji kutoka Lithuania aliyevuka miaka 50. Ana kisukari, miguu imevimba, na mashambulizi ya moyo yaliyomfika moja baada ya jingine yameua sehemu kubwa ya msuli wa moyo wake. Husimuliwa kwamba mkewe, Ann, akitoka kumtazama mumewe siku hiyo, alipita hapo barabarani akaona watu wamekusanyika, asijue ni nini.

Mtu akiambiwa moyo wake umechoka, ndugu zake huanza kuulizana: tumpate wapi daktari wa kumpasua? Washkansky hakumtafuta mpasuaji wake, Christiaan Barnard. Alitafutiwa, na aliyemtafutia ni Velva Schrire, mkuu wa kliniki ya moyo, daktari anayepima na kutibu kwa dawa, asiyeshika kisu. Schrire ndiye aliyeona kwamba dawa zimefika mwisho, ndiye aliyempeleka kwa mpasuaji. Njia hiyo haijabadilika. Hata leo, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, Dar es Salaam, safari ya mgonjwa haianzii chumba cha upasuaji. Inaanza na kipimo cha umeme wa moyo, kipimo cha eko, na daktari bingwa wa magonjwa ya moyo anayeweza kusema kama kisu kinahitajika au la. Na niseme wazi, kwa sababu neno upandikizaji, yaani kumwekea mtu moyo wa mwingine, huwatisha watu: wagonjwa wengi wa moyo katika nchi zetu hawahitaji moyo mwingine. Baadhi wanahitaji valvu iliyoharibiwa na homa ya rumatiki, ile inayofuata maambukizi ya koo yasiyotibiwa utotoni, itengenezwe au ibadilishwe. Wengine ni watoto waliozaliwa na tundu kwenye moyo linalohitaji kuzibwa.

Turudi Groote Schuur. Barnard alizaliwa Beaufort West mwaka 1922, mtoto wa mchungaji wa misheni, na alikuwa na kaka aliyekufa mdogo kwa ugonjwa wa moyo. Alisomea udaktari Cape Town, kisha katikati ya miaka ya 1950 akaenda Minnesota, Marekani, ambako upasuaji wa moyo ulikuwa ukisonga mbele kwa kasi. Aliporudi nyumbani alipata mashine ya moyo na mapafu, ile inayopokea damu ya mgonjwa, kuitia oksijeni na kuirudisha mwilini wakati moyo umesimamishwa. Pasipo mashine hiyo, yote ninayowasimulia yasingewezekana.

Lakini namna yenyewe ya kushona moyo mgeni haikuwa yake. Ilitengenezwa na Norman Shumway na Richard Lower, Stanford, California, kwa miaka mingi ya kuwapandikiza mbwa. Waligundua kwamba si lazima ushone kila mshipa peke yake. Unaacha ukuta wa nyuma wa vyumba vya juu vya moyo wa zamani, mahali mishipa inapoingilia, na kuushona moyo mpya juu yake. Kazi inapungua, muda unapungua, nao moyo uliotolewa hausubiri kwa saa nyingi. Barnard aliiona kazi ya Lower kwa macho yake. Marekani madaktari walisita kuifanya kwa binadamu, kwa kuwa huko mtu mwenye moyo unaodunda alihesabika hai. Afrika Kusini kutamka kifo kuliachwa mikononi mwa daktari.

Usiku ule Edward Darvall, aliyekwisha kumpoteza mkewe siku hiyohiyo, aliombwa moyo wa binti yake. Alifikiri kwa dakika chache tu, akakubali. Kwangu mimi hapo ndipo historia hii ilipoanzia, kabla ya kisu kugusa ngozi. Vitabu vimejaa jina la Barnard, na la baba huyu ni nadra kutajwa. Figo moja ya Denise alipewa mtoto wa miaka 10 wa jamii iliyoitwa machotara, chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi uliomkataza mtoto huyo hata kusoma darasa moja na watoto weupe.

Watu wapatao 30 walishiriki usiku ule, akiwemo Marius Barnard, mdogo wake Christiaan. Alfajiri ya Jumapili tarehe 3 Desemba moyo wa Denise, uliokuwa umetulia kifuani mwa Washkansky, ulipigwa shoti ya umeme, ukashtuka, ukaanza kudunda. Dunia nzima ilijua ndani ya siku moja kwamba moyo wa mtu mmoja umepandikizwa kwa mwingine kwa mara ya kwanza.

Sasa nisikilizeni kwa makini. Kwa siku kadhaa Washkansky aliendelea vizuri, akazungumza, akapigwa picha. Uvimbe wa miguu ulipungua kwa sababu sasa damu ilisukumwa sawasawa. Kisha picha ya eksirei ikaonyesha madoa kwenye mapafu. Madaktari walidhani mwili unaukataa moyo mgeni, wakaongeza dawa za kuzima kinga ya mwili. Kumbe ilikuwa nimonia, na kinga waliyoizima ndiyo ambayo ingepigana nayo. Alifariki tarehe 21 Desemba, siku ya 18, na moyo wa Denise ulikuwa bado una nguvu.

Mshono haukumwangusha. Kilichomwangusha ni kile kinachokuja baada ya mshono. Kwa hiyo mwenye mgonjwa akiniuliza namna ya kumchagua daktari wa moyo, nitamwambia asiishie kuuliza mikono ya nani ina sifa. Aulize nani atakuwepo miezi sita baada ya upasuaji, nani atasoma vipimo vya damu, homa ikipanda usiku apige simu wapi.

Tarehe 2 Januari 1968 Barnard alimpandikiza Philip Blaiberg, daktari wa meno. Moyo ulikuwa wa Clive Haupt, kijana wa miaka 24 aliyeanguka akiwa ufukweni, naye wa jamii ya machotara. Wakati huo watu wengi walilisema jambo lililo wazi: moyo wa Haupt sasa ungeweza kuingia mahali ambapo Haupt mwenyewe asingeruhusiwa. Blaiberg aliishi zaidi ya miezi 19.

Katika maabara ya chuo kikuu cha Cape Town alikuwepo pia Hamilton Naki, mzaliwa wa Transkei, aliyeajiriwa kama mtunza bustani. Aliitwa kusaidia kumshika twiga katika utafiti, akabaki maabara, akawa fundi wa kupasua na kupandikiza wanyama, na madaktari vijana walijifunza kwake. Zipo habari zilizodai alikuwa kwenye chumba cha upasuaji usiku wa Washkansky. Si kweli, na magazeti yaliyoziandika yalisahihisha. Ukweli wenyewe unatosha: alistaafu mwaka 1991 kwa pensheni ya mtunza bustani, na chuo kikampa shahada ya heshima mwaka 2003, miaka miwili kabla ya kifo chake.

Mwaka 1968 hospitali nyingi duniani zilikimbilia upandikizaji, mara nyingi bila matayarisho. Ulifanyika takriban mara 100 mwaka huo, na wengi wa wagonjwa hawakuishi muda mrefu. Hospitali moja baada ya nyingine ikaacha. Shumway hakuacha. Stanford waliendelea polepole, wakabuni namna ya kunyofoa kipande kidogo cha msuli wa moyo kupitia mshipa wa shingo ili waone mapema kama mwili unaanza kuukataa, badala ya kukisia kama ilivyokuwa kwa Washkansky. Kisha ikaja siklosporini, dawa iliyotokana na kuvu wa kwenye udongo kutoka Norway, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1983. Inazuia mwili kuukataa moyo bila kuizima kinga yote. Hapo hospitali zilizokuwa zimeacha zikarudi.

Cape Town nako hawakuwa wameacha. Mwaka 1971, siklosporini bado haijafika, Barnard na wenzake walimpandikiza Dirk van Zyl. Aliishi na moyo ule zaidi ya miaka 23.