STEMPU ZA NDEGE WA MBUGANI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Ubena)



Nimeombwa niseme machache juu ya kukusanya stempu. Wapo wanaoona kuwa huo ni mchezo wa watoto. Mimi nasema ni shule, tena isiyotoza karo.

Sisi watu wa Pwani si wageni wa posta. Bagamoyo ilipata ofisi ya posta mwaka 1890, wakati wa Wajerumani, miaka 50 tu baada ya Uingereza kutoa stempu ya kwanza duniani.

Stempu ni nyingi mno, hakuna awezaye kuzikusanya zote. Chagueni jambo moja. Mimi nilichagua ndege wa mbugani, maana ndio majirani zetu. Mwaka 1982 Tanzania ilitoa stempu nne za ndege: mbuni, ndege karani, tandawala na korongo. Huyo korongo ni wa majimaji. Watatu wa kwanza ni wa mbugani. Karani ana manyoya kisogoni kama kalamu za makarani wa kale, naye huua nyoka kwa mateke. Tandawala ni miongoni mwa ndege wazito kabisa wawezao kuruka. Uganda nayo ilitoa stempu za ndege mwaka 1965, na ile ya shilingi 20, kubwa kuliko zote, ilimchukua korongo mwenye taji.

Stempu ikateni pamoja na karatasi ya bahasha, iloweni, ikibanduka yenyewe ianikeni juu ya karatasi safi. Msiivute. Nyingi za siku hizi hazibanduki majini. Hizo ziacheni na karatasi yake. Muhuri wa posta ukiwa mzima msiukate, kwani unataja mahali na siku. Na joto la Pwani lina unyevu: kitabu kisichofunguliwa huota koga.

Sasa jambo kubwa. Korongo mwenye taji aliingizwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka mwaka 2012, na karani akafuata mwaka 2020. Mbuga zinalimwa, na wengine hunaswa wakauzwa. Kwa hiyo, kando ya kila stempu acheni nafasi, muandike siku na mahali mlipomwona ndege huyo kwa macho yenu. Mwenye stempu ya tandawala ambaye hajamtafuta tandawala majanini, ana nusu ya mali. Na nafasi ikibaki tupu mwaka hata mwaka, nayo ni habari. Mwulizeni mzee aliyechunga hapa zamani, mwandike asemavyo.

Ndugu zangu wa zamani, barua zimepungua, lakini makabati yetu bado yana bahasha za miaka hiyo. Tusizichome. Tuzilete shuleni, vijana wajifunzie.