KUBAKI AU KUONDOKA: TUAMUE MCHANA, TUSIAMUE USIKU

(Hotuba iliyosomwa na mwenezi wa Chama mbele ya wanachama na wapenzi wa Chama, pwani ya Ziwa Tanganyika, kusini mwa Burundi.)



Chama kimetutuma kusema nanyi juu ya jambo moja tu. Jambo lenyewe mwalijua. Lasemwa kisimani, lasemwa mwaloni wavuvi wanapoanika ndagala, ila halijasemwa mkutanoni. Jamaa zetu waliorejea kutoka Tanzania waulizana: Je, tubaki hapa, au turudi tulikotoka? Wengine wamekwisha kufunga mizigo. Sisi twaona si haki kumwacha kila mtu alikate shauri hili peke yake, usiku, mlango umefungwa.

Kwanza tukumbuke njia tuliyopita. Mwaka 1972 mauaji yalipoenea nchini, wazee wetu walikimbilia Tanzania kwa maelfu. Walipewa ardhi huko Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Ilikuwa pori, wakaligeuza kuwa mashamba, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wakijilisha wenyewe. Kisha, Oktoba 21, 1993, Rais Melchior Ndadaye akauawa, miezi michache tu baada ya kuchaguliwa, na kundi jingine kubwa likavuka mpaka. Hao waliwekwa makambini. Katika makambi hayo ndimo tulimozaliwa wengi wetu wenye umri wa miaka ishirini na kitu.

Mapatano ya Arusha yalitiwa sahihi Agosti 28, 2000. Tangu 2002 watu walianza kurejeshwa kwa mpango, na kufikia 2009 waliorudi walikuwa karibu nusu milioni. Katika 2007 na 2008, wale wa 1972 waliokuwa bado katika makazi yale matatu waliulizwa wachague: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Wengi waliomba uraia, na zaidi ya 162,000 walikubaliwa. Wengine zaidi ya 50,000 walichagua kurudi. Desemba 2012 kambi ya Mtabila ilifungwa, na waliokuwamo wakarudishwa. Mwaka 2015 vurugu zilitokea tena, na kufikia 2017 Warundi zaidi ya 200,000 walikuwa wakimbizi nchini Tanzania. Miongoni mwao walikuwamo wale wale waliorudi juzi juzi tu.

Hatuyasemi haya ili kutonesha vidonda. Twayasema kwa sababu mtu aliyekimbia mara mbili hawezi kuambiwa "tulia tu" kama mtoto mchanga. Anayo haki ya kuuliza, na sisi tunao wajibu wa kumjibu.

Sasa tutazame sababu za kuondoka. Ya kwanza ni ardhi. Wazee walipokimbia, mashamba mengi ya tambarare ya Imbo, tangu Rumonge mpaka Nyanza-Lac, yalipewa watu wengine, na mengine yakaingizwa katika mipango ya kulima michikichi. Sheria ya ardhi ya 1986 ilimpa haki mtu aliyekaa juu ya shamba miaka 30, au miaka 15 kama alilipata kwa nia njema. Hesabuni wenyewe: kutoka 1972 hadi 2002 ni miaka 30 kamili. Aliyerejea alikuta mlango wa sheria umekwisha kufungwa. Lakini Mapatano ya Arusha yalisema mkimbizi arudishiwe mali yake, na ikishindikana alipwe fidia ya haki. Maneno mawili hayo yaligongana juu ya kila itongo.

Tume ya Ardhi na Mali Nyingine iliundwa mwaka 2006. Miaka ya kwanza iliwahimiza watu wagawane. Baada ya 2011 ilielekea zaidi kumrudishia aliyerejea shamba zima. Basi leo alilia huyu, kesho akalia yule. Nasi twapenda kusema kweli mbele yenu nyote: mtu aliyepewa shamba na Serikali, akalilima miaka thelathini na kuzika wazazi wake humo, naye si mwizi. Na mtu aliyefukuzwa na kifo, akarudi na kuukuta mwembe wa babu yake mkononi mwa mwingine, naye si mchokozi. Hawa wawili ni watu wa mlima mmoja. Anayewagombanisha ili apate kura atafute chama kingine.

Sababu ya pili ni lugha. Mtoto aliyesoma Kiswahili na Kiingereza huko nje hufika hapa akakuta masomo ya Kirundi na Kifaransa. Arudishwa madarasa mawili au matatu nyuma, akae na wadogo zake, achekwe. Akichoka huacha shule. Sisi tuliopita chuo cha ualimu twajua kwamba mtoto huyo si mjinga hata kidogo. Akili yake imo, ila ufunguo wa mlango mpya hajapewa.

Sababu ya tatu ni dharau. Kirundi kina neno zuri, guhunguka, yaani kurejea kutoka ukimbizini. Lakini mtu atakuwa "aliyerejea" mpaka lini? Miaka kumi? Ishirini? Yafaa tumwite jirani, tumalize.

Hizo ndizo sababu, na si ndogo. Wako watakaosimama hapa na kusema "mwacha asili ni mtumwa", kisha waketi wakidhani wamejibu. Methali ni ya kweli, lakini methali haijazi sufuria. Mama mwenye watoto watano na kipande cha shamba kisichotosha hata vitalu vya mihogo, hamwezi kumzuia kwa methali.

Lakini na wale wasemao "kule ni raha", twawaomba wafikiri. Tanzania ya 1972 iliwapa wazee wetu ardhi. Sisi wa makambini hatukupewa ardhi. Kutoka zaidi ya kilomita 4 bila kibali lilikuwa kosa. Na uraia ule ulitolewa kwa watu wa 1972 waliokuwa katika makazi yale matatu. Haukuwekwa mpakani umngojee kila atakayevuka. Anayeuza itongo lake leo akidhani atakwenda kupokewa kama babu yake alivyopokewa, auza kitu alicho nacho kwa kitu asichokuwa nacho.

Tena, ndugu, baina ya kubaki na kuondoka iko njia ya tatu. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki Julai 2007, na Soko la Pamoja lilianza Julai 2010. Mtu mwenye hati ya kusafiria na kibali cha kazi aweza kwenda Kigoma au Kasulu kufanya kazi, na akarudi kwake msimu wa mvua. Kwenda hivyo si kukimbia. Mkimbizi huacha nyumba yake kwa kuwa hana budi. Mfanya kazi huiacha ili aijenge.

Basi msimamo wetu ni upi? Sisi vijana wa Chama tuliozaliwa nje tumeamua kubaki. Hatukuamua hivyo kwa kuwa hapa pamenyooka. Tumeamua kwa sababu hapa ndipo tunapoweza kusimama mkutanoni na kudai panyooshwe. Mgeni hudai akiwa amepiga magoti. Mwenyeji hudai amesimama. Hata hivyo hatuwezi kuwaomba wengine wabaki mikono mitupu. Kwa hiyo tawi letu laleta mambo manne, nanyi myapokee au myakatae.

La kwanza: ye yote aliyekwisha kugawana shamba na mwenzake asiridhike na maneno ya mdomo. Mipaka iwekwe mbele ya bashingantahe na wajumbe wa mlima, kisha wote wawili waende ofisi ya ardhi ya komine wakaombe hati. Majina ya wake yaandikwe pamoja na ya waume, na mabinti wasisahauliwe. Mila haimpi binti urithi wa itongo sawa na nduguye wa kiume, na mjane aliyerejea bila mume ndiye afukuzwaye wa kwanza.

La pili: sisi waalimu tutafundisha Kirundi na Kifaransa kila jioni, bila ada, kwa watoto waliorejea na kwa wazazi wao wakitaka. Twaomba benchi na taa tu.

La tatu: waliorejea na waliokuwapo waanzishe ushirika mmoja wa kukamua mawese. Si ushirika wa hawa na ushirika wa wale, ni mmoja. Watu waliopimiana mafuta pamoja hawachomeani nyumba kwa urahisi.

La nne: anayetaka kuondoka asizuiwe wala asitukanwe. Kabla hajatoka, aketi na mkewe na watoto wake wakubwa, wajibu maswali matatu: Twaenda kwa hati gani? Shamba twamwachia nani, na kwa maandishi yapi? Watoto watasoma wapi mwezi ujao? Akiyajibu, na aende salama. Asipoyajibu, na asiuze kitu.

Na neno la mwisho latuhusu sisi wanachama wenyewe. Tumesikia baadhi yetu wakiwaita wanaofunga mizigo "wasaliti". Neno hilo likome leo. Aliye na hofu ya roho yake hasaliti mtu. Nchi yetu yaijua hofu hiyo, na hakuna mlima usiokuwa na kaburi lake. Mtu wa namna hiyo akija kwako usiku, usimwulize kadi. Mwulize anaogopa nini, kisha uje utuambie, ili hofu yake iwe kazi yetu. Chama hakipimwi kwa wingi wa kadi. Chama hupimwa kwa idadi ya watu wanaolala usingizi.

Ndugu Mwenyekiti, twaomba mambo manne haya yapigiwe kura sasa hivi, wote wakiwapo, wanachama na wasio wanachama, waliorejea na waliokuwapo. Kitabu cha kuandika majina ya wanafunzi wa jioni kiko hapa mezani, na kalamu iko.

Amahoro.