Insulini, Misuli na Njaa ya Siku Nyingi
Mwili ukikosa chakula siku nyingi, insulini hupungua kwenye damu. Hapo misuli huvunja protini zake na kutoa asidi amino. Alanini, mojawapo ya asidi hizo, huenda kwenye ini kutengenezewa sukari ya kulisha ubongo. Baadaye mafuta hutoa ketoni, ubongo huzitumia, na misuli hupona kidogo. Mtoto aliyekonda sana hana akiba hiyo ya mafuta.

Huko Goma, mji uliopokea familia nyingi zilizokimbia vita, mtoto anayelazwa kwa utapiamlo mkali huanzishiwa maziwa ya tiba ya F-75, kidogo kidogo, usiku na mchana. Mililita 100 zina protini isiyofika gramu 1, kwa makusudi kabisa. Chakula kingi cha ghafla hupandisha insulini, nayo huingiza fosfati na potasiamu ndani ya seli. Damu ikipungukiwa na madini hayo, moyo unaweza kusimama. Mtoto wa namna hiyo asishindiliwe bugali nyumbani. Apelekwe kituo cha afya mapema.