Misikhu: Wanaorudi Jioni na Historia Inayosimuliwa Mchana

Maelezo kwa wakazi wa Wadi ya Misikhu



Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi stendi ya Misikhu huwa imeshachangamka. Makanga wanaita abiria wa Webuye, wengine wa Kitale, na boda boda zinashusha watu kutoka ndani. Mwalimu, muuguzi, fundi wa magari, karani wa ofisi mjini Bungoma: wengi wamejenga au kukodi huku kwa kuwa kodi ni nafuu, shamba lipo na usiku ni kimya. Ikifika saa tatu, wanaobaki ni wazee, watoto wadogo na wenye mahindi na miwa ya kupalilia.

Utulivu huo ni neema. Hata hivyo una gharama isiyolipwa kwa nauli, kwa maana sehemu kubwa ya urithi wa Misikhu haimo vitabuni. Imo vinywani mwa watu, na husemwa mchana.

Tazama kumuse. Kwa desturi ya Wabukusu, mzee anayestahili heshima hiyo akishazikwa, siku ya tatu huitwa msemaji wa kumuse. Si kila mtu husema. Kazi hiyo hufuata koo maalumu. Husimama uwanjani na fimbo yake, akatembea huku na huku akieleza watu walikotoka, koo zilivyogawanyika, nani alioa wapi, na makosa gani yaliwahi kuleta ugomvi. Akisema, hakuna anayekatiza uwanja. Marehemu Mzee Manguliechi alijulikana mbali kwa kazi hii.

Sasa hesabu siku. Maziko mengi hufanywa Jumamosi ili wafanyakazi wafike. Siku ya tatu inaangukia Jumatatu au Jumanne, wakati magari ya Jumapili jioni yameshaondoka na watu wake. Msemaji anabaki na wazee wenzake, ambao habari hizo wanazijua tayari. Anayezihitaji yuko kazini. (Na asilaumiwe haraka: ruhusa ya msiba kazini ni fupi, na mwajiri wa kibarua hana habari na siku ya tatu.)

Mfano mwingine uko njiani kabisa. Anayeshuka Webuye kila asubuhi hupita karibu na kilima cha Chetambe. Juu yake palikuwa na boma lenye handaki, lililopewa jina la mwenyewe, Chetambe, mtu wa Watachoni. Mwaka 1895, baada ya mapigano ya Lumboka, ndipo Wabukusu na majirani zao walipokabiliana na jeshi la Waingereza lililoongozwa na C. W. Hobley. Mikuki ilikutana na bunduki ya Maxim. Mwaka 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwapeleka wafuasi wake huko kuwakumbuka waliouawa. Abiria wangapi leo huinua macho wakipita?

Marika yenyewe yanaunganisha siku hizo na hizi. Wabukusu wana majina manane ya marika, yanayozunguka na kurudi baada ya takriban miaka 100. Waliotahiriwa kuanzia mwaka 1900 waliitwa Bakolongolo. Walikuwa watoto Chetambe ilipoanguka. Waliotahiriwa kuanzia 2000 ni Bakolongolo pia, na hao ndio wengi wa wanaopanda matatu alfajiri. Jina wanalo. Habari za wenye jina wa kwanza ziko kwa babu aliyebaki nyumbani.

Kuna yanayowezekana bila mtu kuacha kazi. Familia inaweza kupanga maziko Alhamisi au Ijumaa, ili siku ya tatu iwe mwisho wa wiki. Pale isipowezekana, kijana mmoja arekodi kwa simu, baada ya kuomba ruhusa ya msemaji na ya wenye msiba, na asirushe mitandaoni maneno ya ukoo bila idhini. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi ya mwaka 2016 inazitaka serikali za kaunti kuweka rejista ya maarifa hayo, na Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la utamaduni na makumbusho. Rejista haiwezi kujazwa na ofisi peke yake; majina ya wasemaji na ya mahali yanatoka vijijini.

La mwisho linahusu ploti. Mashamba yanakatwa, na mnunuzi mgeni hajui kwamba mtaro ule wa zamani aliotaka kuufukia huenda ulikuwa handaki la boma. Muuzaji amwambie kabla ya kuandikiana. Anayechimba msingi akapata vigae vya vyungu, vyuma au mifupa ya kale, asimamishe kazi na kumwarifu chifu, ili Makumbusho ya Taifa wapate habari chini ya sheria ya mwaka 2006. Mwezi wa Agosti wa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, wakati wa tohara, wengi huwa nyumbani na wazee hukaa nao hadi usiku. Maswali yaandaliwe mapema.