Maarifa Yarudi kwa Wenyewe: Wajibu wa Wasimamizi wa Maarifa katika Kaunti za Meru na Embu



1. Utangulizi

Mada hii inahusu shughuli zinazotupasa sisi tunaokusanya, kupanga na kusambaza maarifa katika kaunti hizi mbili. Hoja yangu ni moja: kazi yetu ipimwe kwa maarifa yaliyowarudia wenyewe yakawafaa, wala si kwa wingi wa yale tuliyoyafungia kabatini. Kukusanya tumekuzoea. Kurudisha ndiko kunakotushinda.

2. Mbeere iliyofunza wengi

Katika miaka ya 1970, watafiti David Brokensha na Bernard Riley walifanya kazi Mbeere, wakiwauliza wenyeji juu ya ardhi, miti na nyasi zao. Kitabu chao kuhusu Wambeere kilitoka mwaka 1988 katika juzuu mbili, na ya pili inahusu mimea na matumizi yake. Brokensha alikuwa pia mmoja wa wahariri watatu wa kitabu cha mwaka 1980 kuhusu maarifa ya wenyeji na maendeleo, ambacho kimetajwa sana na wataalamu wa fani hii. Kwa hiyo, kabla ya wengi wetu kusomea usimamizi wa maarifa, wakulima na wafugaji wa Mbeere walikuwa tayari wameshachangia kuijenga taaluma yenyewe.

Hawakuwa peke yao. Mwanahistoria H.S.K. Mwaniki alikusanya masimulizi ya wazee wa Embu na Mbeere na kuyachapisha mwaka 1973 na 1974. Upande wa Meru, Jeffrey Fadiman aliwahoji wazee mwishoni mwa miaka ya 1960, na kitabu chake kikatoka mwaka 1993.

Sasa tujiulize: mwanafunzi wa Siakago kule Mbeere au wa Igembe kule Meru akitaka kusoma yale ambayo babu yake alimweleza mtafiti, atayapata wapi, na kwa lugha gani? Kitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza cha kitaaluma na kuchapishwa ng'ambo hakijarudi nyumbani hadi mtu akirudishe. Mtu huyo ni sisi.

3. Kaliandra: maarifa yaliyozunguka

Upo mfano mwema, nao ni wa hapa hapa. Mapema miaka ya 1990, watafiti wa kilimo na wa misitu walianza majaribio ya mti wa kaliandra kwenye mashamba ya wakulima wa Embu. Ng'ombe wa maziwa alihitaji protini, na chakula cha dukani kilikuwa ghali. Majaribio yalionyesha kwamba kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra, ambazo ni sawa na kilo 1 ya majani makavu, zinakaribia kufanya kazi ya kilo 1 ya chakula cha dukani. Ilikadiriwa kuwa miti 500 inatosha kumlisha ng'ombe mmoja kilo 6 za majani mabichi kila siku.

Lakini mwenye shamba dogo ataipanda wapi miti 500? Hapo wakulima walitoa mchango wao. Waliipanda kwenye ua wa boma, kwenye mipaka, kwenye kingo za matuta na katikati ya mistari ya nyasi ya nepia, mahali ambapo haikunyang'anya mahindi nafasi. Watafiti waliyaona hayo, wakayapima, wakayaingiza katika mafunzo. Vikundi vya wakulima vikaanzisha vitalu vyao. Jirani alimfundisha jirani kuloweka mbegu kwa maji baridi siku mbili kabla ya kupanda, na kuukata mti kwa kimo kinachouruhusu kuchipua tena.

Maarifa hayo yalitoka maabara, yakaingia shambani, yakarekebishwa na mkulima, yakarudi kwa mtafiti, kisha yakaenda kwa jirani. Mzunguko huo ndio kazi yetu. Unapokatika mahali popote, kinachobaki ni ripoti.

Mti wa mukau unaonyesha jambo hilo hilo. Mbegu yake imo ndani ya kokwa ngumu, na haioti kwa urahisi. Wakulima wa nyanda kavu za mashariki mwa Kenya wamezoea kuokota kokwa zilizopitia tumboni mwa mbuzi. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya nayo inafundisha kupasua kokwa, kukata ncha ya mbegu na kuchana ganda lake kwa kisu kikali. Njia zote mbili zinastahili kuandikwa katika ukurasa mmoja, kila moja ikiwa na jina la waliotuachia.

4. Nani yuko kikaoni?

Historia ya Meru inatupa onyo. Mwaka 1956, Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru, kwa kushirikiana na watawala wa kikoloni, ilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana. Nia ya kuwakinga wasichana ni njema, na leo sheria ya Kenya inasema vivyo hivyo. Lakini jambo lile lilikuwa mikononi mwa wanawake, na wanawake hawakuwa kikaoni. Wasichana wengi walikaidi, wakakeketana wenyewe kwa wenyewe. Katika miaka mitatu iliyofuata, zaidi ya watu 2,400 walishtakiwa kwa kuivunja amri hiyo.

Funzo kwetu ni kwamba hatuwezi kuwaita wazee wanaume peke yao kisha tukasema tumeisikiliza jamii. Ujuzi wa kuchagua mbegu ya mtama, kuhifadhi kunde na kumlea mtoto mchanga uko kwa akina mama. Waalikwe, wasikilizwe, watajwe.

5. Mwajiri mmoja, milango mingi

Katiba ya mwaka 2010 iliyakabidhi magatuzi kilimo, maktaba na makavazi ya kaunti. Maana yake, afisa wa kilimo nyanjani na mkutubi wa umma wanaweza kuwa chini ya serikali moja ya kaunti na bado wasijuane. Ongezeni kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO Embu, Makavazi ya Meru yaliyofunguliwa mwaka 1974, Chuo Kikuu cha Embu na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Ujuzi tunao tele. Mawasiliano ndiyo haba.

Napendekeza shughuli nne, ambazo hazingoji bajeti kubwa.

Kwanza, daftari la wajuzi kwa kila wadi: nani anajua nini, na yuko radhi kumfundisha nani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, kikao cha makabidhiano. Mtumishi wa umma anastaafu akiwa na miaka 60 na kuondoka na ujuzi ambao haumo katika faili yoyote. Mwaka mmoja kabla ya kustaafu, akae na mrithi wake, waandike pamoja.

Tatu, baraza la marejesho. Kila utafiti uliofanywa kijijini urudi kwenye baraza la chifu, uelezwe kwa Kimeru, Kiembu au Kimbeere, nakala ibaki katika maktaba iliyo karibu. Redio kama Muuga na Wimwaro zina wasikilizaji ambao ripoti zetu hazijawahi kuwafikia, tuziombe nafasi.

Nne, mkutano wetu wa kila robo mwaka, ukifanyika kwa zamu Meru na Embu. Kila mmoja alete tatizo moja la kazini na njia moja iliyomfaa.

6. Haki na siri

Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inaipa serikali ya kaunti jukumu la usajili wa kwanza wa maarifa hayo, na inataka wenyewe waridhie kabla ya mtu mwingine kuyatumia. Kifungu cha 11 cha Katiba nacho kinataka umiliki wa mbegu za kienyeji utambuliwe na kulindwa. Basi kabla ya kuwasha kinasa sauti, tueleze tunachotaka na kitakwenda wapi. Yapo mambo ya Njuri Ncheke na ya waganga wa miti shamba ambayo wenyewe hawataki yaandikwe. Tuheshimu. Msimamizi mwema wa maarifa anajua pia kuacha.

7. Hitimisho

Wenzangu, naomba tuamue mambo mawili kabla ya kuondoka hapa. Kila ofisi iliyowakilishwa itaje hati moja iliyotokana na wananchi, na tarehe ya kuirudisha kwao. Na kila kaunti imteue mtu mmoja wa kulianzisha daftari la wajuzi katika wadi moja. Tukikutana robo mwaka ijayo, swali la kwanza kwenye ajenda liwe hili: nini kimerudi, na kimemfikia nani?